Glasi ya Ubatizo: Maisha ya Marehemu Gildo Zennaro, Mpeleka Divai wa Cannaregio

Yamesomwa na dada yake, Ondina Zennaro, kanisani, Venezia, Jumanne tarehe 24 Oktoba 2023

Wifi yangu Nives ameniomba nisome habari za maisha ya kaka yangu. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba hakuna atakayenishikia kalamu. Padre Silvano aliyasoma haya jana jioni, akavua miwani, akasema, "Mama Ondina, hapa na hapa ungepunguza kidogo." Hapa pa kwanza nimepunguza. Pa pili sikupunguza, na padre anajua ni wapi. Mkinisikia sauti inapanda, mniwie radhi, lakini msitegemee itashuka.

Marehemu Ermenegildo Zennaro, jina ambalo alilitumia karani peke yake, na mama yetu akiwa amekasirika, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1958 katika kisiwa cha Giudecca, nyumbani, kwenye chumba kilichokuwa juu ya ghala la kamba. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Amedeo Zennaro, fundi wa boti, na Bi Ersilia, aliyetunga shanga za kioo mlangoni pamoja na wanawake wenzake. Mimi nilimfuata baada ya miaka minne. Wa tatu hakuja. Kwa hiyo kaka yangu alikuwa ndiye kaka pekee niliyewahi kuwa naye, na naomba hilo mlikumbuke ninapoendelea.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Giudecca mwezi Oktoba 1964. Hesabu zilimkaa kichwani, kuandika kulimshinda, na mwalimu wake alikuwa akimpa adhabu ya kukaa dirishani kutazama mfereji bila kujua kwamba kwa Gildo hiyo ilikuwa zawadi. Tarehe 4 Novemba 1966, siku ile maji yalipoumeza mji mzima na taa zikazimika, yeye akiwa na miaka minane aliingia kwenye beseni la bati la mama, akachukua ufagio badala ya kasia, akawa anawapelekea mkate na mishumaa wazee waliokwama ghorofani. Walimteremshia vikapu kwa kamba. Bi Corinna, mjane wa mtaani kwetu, alimteremshia pia kikombe cha pombe kali akimwambia, "Kunywa, mjukuu wangu, usije ukaganda!" Gildo alirudi nyumbani mashavu mekundu, anaimba, na mama hakujua ampige au amkumbatie. Hadithi hii imesimuliwa kwenye kila kaunta ya mji huu, na kila mara watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nilicheka nanyi kwa zaidi ya miaka hamsini, ila mwaka huu imenishinda.

Aliacha shule ya ufundi mwaka 1974, bila cheti na bila majuto, akaajiriwa na Mzee Fortunato aliyekuwa na ghala la divai hapa Cannaregio. Mwaka 1986 alinunua boti yake mwenyewe ya mizigo. Kuanzia hapo, karibu kila kitu kilichonyweka katika baa za ukingo wetu wa mfereji kilipita mikononi mwake: mapipa, makreti, mitungi mikubwa ya kioo iliyofumiwa matete, hata barafu ya wakati wa joto. Hakuna baa iliyowahi kukaukiwa kwa kosa la Gildo. Ukungu ukiwa mzito kiasi cha kutoona pua ya boti, yeye alipita akiimba ili wengine wasimgonge, na wenye baa walikuwa wakifungua mlango kwa kusikia wimbo.

Lakini kazi ile ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ninyi nyote mnaijua. Anayeleta divai huwekewa glasi ya kwanza. Ni ombra, glasi ndogo tu, ya kumeza mara mbili. Akiikataa, mwenye baa anamkazia macho akidhani ameletewa siki. Kwa hiyo Gildo aliionja kwenye kila mlango, asubuhi, tumbo likiwa na kahawa peke yake, na alikuwa na milango kumi na minane. Huo ulikuwa ni mshahara wa juu ya mshahara. Jioni alioga, akavaa shati safi, akaenda kwa wenzake wa klabu ya makasia wakapiga raundi, kila mmoja kwa zamu yake, kutoka kaunta hadi kaunta, na sardini za vitunguu na siki za kusindikizia. Hakuna aliyewahi kumwona akiyumba. Mlikuwa mnajisifia hilo. "Gildo ana tumbo la pipa," mlisema, na mlimpiga begani kana kwamba pipa halina mwisho.

Na niseme kuhusu mji wenyewe, maana na huo umenichosha. Palipokuwa na mwoka mikate sasa pana vinyago vya kuuzia wageni. Palipokuwa na duka la misumari pana baa. Fundi viatu alipokufa, pale pake pia pakawa baa. Mabenchi wameyang'oa ili wageni wasilale juu yake. Niambieni, mtu aliyepita miaka sitini, watoto wake wamehamia bara kwa sababu kodi za hapa hazilipiki, akitaka kumwona binadamu mwenzake anayezungumza lugha yake, aende wapi? Ataenda kwenye kaunta. Kijana akitumbukia mferejini Jumamosi na glasi yake mkononi, gazeti linaandika, na kikao kinaitishwa. Mzee anayezama polepole, mwaka baada ya mwaka, katikati ya marafiki, hakuna anayeandika. Tunamwongezea tu.

Tarehe 14 Mei 1983 marehemu alifunga ndoa na Nives Bognolo, mshonaji kutoka Castello. Bibi harusi aliletwa kwa boti ya klabu, na msimamizi wa bwana harusi alikuwa Ruggero Padoan, aliyepiga kasia la mbele wakati Gildo anapiga la nyuma kwa zaidi ya miaka thelathini. Mungu aliwajalia binti mmoja, Morena, mwaka 1987. Kuhusu ndoa hiyo nitasema jambo moja, na wifi yangu asiponiruhusu nitalisema vilevile. Nives ana usingizi mwepesi. Kwa hiyo Gildo akirudi amechelewa alikuwa anazima injini kwenye kona ya mfereji, anasimama, na kuisukuma kwa kasia mpaka mlangoni boti ile nzito ya mizigo, mtu aliyebeba mapipa tangu asubuhi. Majirani walijua amefika kwa kutosikia kitu. Nives aligundua baada ya miaka mingi, kwa sababu daima alikuwa amelala.

Ugonjwa ulijitokeza Novemba 2022. Tumbo lilivimba na weupe wa macho ukageuka manjano. Mwezi Januari tulimpeleka hospitali kubwa ya bara, mimi na Nives, na daktari, mama kijana asiye na maneno mengi, alituambia wazi kwamba ini limejaa makovu na halitarudi. Lililobaki ni kupandikizwa ini lingine. "Ila kwanza miezi sita bila tone," alisema. "Tutakuwa tunakupima. Ukimaliza salama, unaingia kwenye foleni. Usipomaliza, unaanza upya."

Gildo alimwuliza, "Hata ya kuonja kazini, daktari?"

"Hata ya kuonja."

"Basi kazi imekwisha," akasema, na siku hiyo hiyo aliikabidhi boti kwa kijana aliyekuwa akimsaidia. Nasema hili kwa wale walionong'ona kwamba hakuwa na nia.

Alikaa jikoni wiki tatu akitazama ukuta. Nives ndiye aliyemwambia, "Nenda ukaone watu, mume wangu, utaoza humu." Akaenda kwa Jolanda, mwenye baa iliyo karibu na daraja, mahali ambapo mmekuwa mkikutana tangu nywele zenu zikiwa nyeusi. Alisimama kauntani akawaambia wote, kwa sauti, "Jamani, daktari kanikataza. Ini limekufa. Nusu mwaka tu, mnivumilie." Jolanda alisikia. Ruggero alisikia. Watu waliokuwa pale wamo humu kanisani, wengine wamekaa benchi la tatu na sasa wanatazama viatu vyao.

Ruggero akajibu, "Madaktari wa bara wanajua nini? Maji wanayokunywa wao ndiyo yanawaua!"

Mkacheka. Gildo naye akacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa watu.

Lakini kwetu hapa maji hayagonganishwi. Anayegonganisha glasi ya maji anamtakia mkosi yule anayetakiwa heri, hilo tumelinyonya pamoja na maziwa ya mama. Kwa hiyo raundi ilipokuja, kila mtu aliinua glasi yake na kuikwepa ile ya Gildo. Si kwa ubaya. Walimkwepa kwa tabasamu, "Samahani, ndugu yangu, unajua mwenyewe." Mtu aliyewabebea divai karibu miaka hamsini akawa anasimama na maji yake pembeni, mkono hewani, hakuna anayemgusa. Jolanda aliona siku ya kwanza, akaona ya pili. Ya tatu akamwekea juisi ya zabibu kwenye glasi ya divai, kutoka chupa aliyoificha chini ya kaunta, akamkonyeza na kumwambia, "Hii ni yako, nyekundu ya nyumbani." Tangu siku hiyo Gildo aligonganisha kama wengine, na hakuna aliyejua. Rangi ikamrudia usoni. Suruali zikaanza kumpwaya tumboni badala ya kumbana. Vipimo vya Mei vilitoka safi, na yule daktari asiye na maneno alimshika mkono.

Mwezi Machi Morena alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Elia. Alibatizwa humu kanisani Jumapili tarehe 4 Juni 2023, kwa maji ya pale kwenye beseni la mawe. Baada ya hapo tukaenda wote kwa Jolanda. Gildo alikuwa kwenye mwezi wa tano.

Klabu ina mtindo wake mtoto anapozaliwa: wapiga kasia wa mbele na wa nyuma hubadilishana glasi wakati wa kumtakia mtoto heri. Ruggero alichukua glasi ya Gildo, akampa ya kwake, akanywa. Akainusa.

"Nini hii? Jolanda, nini hii? Juisi!"

Baa yote iligeuka. Nilimwona kaka yangu akiwa ameshika glasi ya divai ya mtu mwingine, amekwama nayo.

"Unamnywesha mwanaume mzima juisi kama mtoto wa chekechea?" Ruggero akasema, na watu wakaangua kicheko.

Jolanda akapiga kaunta kwa kiganja. "Ruggero, koma! Unajua kwa nini."

"Najua, najua. Ila juisi ni maji tu, na leo si siku ya daktari, leo ni siku ya mtoto. Gildo, ndugu yangu, unataka kumfungulia mjukuu wako maisha kwa mkosi?"

"Usinifanyie hivi, Ruggero," Gildo akasema. Alisema polepole. Nilimsikia mimi, na yeye Ruggero alimsikia.

Nikapaza sauti, "Mwacheni! Mtamwua!" Mmoja wenu, simtaji kwa kuwa mke wake ni mgonjwa, akanijibu, "Ondina, bwana, usituharibie sherehe." Kisha mtu aliyesimama nyuma ya wengine akaanza, "Moja tu! Kwa ajili ya mtoto!" na wengine wakaidaka, wakawa wanapiga meza. Morena alikuwa amembeba Elia. Alimwambia, "Baba, weka chini. Baba, niangalie mimi." Gildo hakumwangalia Morena. Alimwangalia mtoto. Ninamjua kaka yangu, alikuwa na woga wa mambo hayo ya mkosi tangu utoto, asingepita chini ya ngazi hata mvua inyeshe mawe. Alimwogopea mtoto kuliko alivyoliogopea ini lake. Akanywa.

Mkapiga makofi, mkaimba wimbo wa klabu. Baada ya ile moja hapakuwa tena na sababu ya kukwepa, zikaja raundi zote, kila mmoja na zamu yake, na kila aliyetoa yake alimkumbatia na kusema, "Sasa Gildo amerudi!" Jolanda alizima taa za kaunta kungali jua, akawafukuza, mkahamia baa ya pili.

Simtetei. Mdomo ulikuwa wake na mkono ulikuwa wake, na nimemkasirikia usiku mwingi nikiwa peke yangu. Wala sisemi kwamba hamkumpenda. Hilo ndilo linalonichoma. Mngekuwa maadui zake angewakatalia bila taabu.

Vipimo vya Juni vilisema kilichotokea. Daktari hakumgombeza. Alisema tu, "Tunaanza upya, Bwana Zennaro," na sote tukajua kwamba ini lile halina miezi mingine sita. Gildo alianza upya vilevile. Alikaa nyumbani, madirisha yakiwa yamefungwa kuzuia joto, hajagusa tone. Kina nani walikuja kumwona? Jolanda alikuja, na chupa yake ya juisi. Kijana wa boti alikuja. Wenzake wa klabu walituma salamu kwamba hawataki kumsumbua. Wakati ule alikuwa akisikia sauti zenu zikipita chini ya dirisha jioni, mkienda raundi, na alikuwa akituambia kila sauti ni ya nani.

Mwezi Septemba alianza kutapika damu. Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023 katika hospitali ya mjini, akiwa na miaka sitini na mitano, Nives amemshika mkono. Neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa kuuliza kama Elia ameota jino. Nives akamwambia, "Limeota, la chini." Halikuwa limeota. Ni uongo pekee ambao wifi yangu amewahi kumwambia mume wake, na ninamshukuru kwa huo.

Mkosi mlioogopa kumtakia yule mtoto umempata. Hana babu.

Kesho yake baada ya kifo, Ruggero alikuja nyumbani kofia mkononi. Alisema klabu itambeba Gildo kwa boti ya makasia hadi makaburini San Michele, na njiani boti isimame mbele ya baa ya Jolanda, watu watoke na glasi, wamnywee, na moja wamwagie juu ya jeneza. "Ndiyo desturi yetu, Ondina," aliniambia. "Hata wewe ungemfanyia."

Nilimwuliza, "Ulimpenda?"

"Zaidi ya ndugu wa damu."

"Basi mbona ulimpa?"

Akasema, "Ningejua kwamba glasi moja..."

"Ulijua. Alikwambia kwa mdomo wake, 'Ini limekufa.' Ulitaka akwambie mara ngapi?"

Alilia pale mlangoni. Nilimwacha alie, sikumpa kiti. Yuko hapa leo, na ninamwambia mbele yenu kwamba sijamsamehe bado, na sijui nitamsamehe lini, lakini kasia la mbele ni lake na atalipiga, kwa sababu Gildo asingekubali lipigwe na mtu mwingine.

Marehemu ameacha mjane, Nives. Binti, Morena, na mume wake Tiziano. Mjukuu, Elia, mwenye miezi saba. Na mimi dada yake. Ameacha pia Jolanda, ambaye si wa damu yetu, na nimemweka humu makusudi. Waliotaka majina yao yachapishwe kwenye karatasi ya mazishi chini ya neno "marafiki" wataona kwamba nafasi hiyo iko wazi.

Boti iko nje. Jeneza likitoka mnaruhusiwa kuinua makasia juu, wima, kama anavyostahili mpiga kasia. Baada ya hapo mtayashusha na kwenda moja kwa moja. Jolanda amefunga baa yake leo, funguo anazo mfukoni, na zile nyingine mtazipita pia bila kugeuza shingo. Asiwepo wa kumwita kutoka ukingoni, asiwepo wa kumnyanyulia glasi. Kaka yangu amechoka kukaribishwa. Mwacheni apumzike.